Matairi ya Chama

Mtaani kwetu Gofa tuna vyama viwili vya kuzikana. Cha kwanza ni cha watu, na kazi yake inajulikana: hema, masufuria, viti na wanaume wa kubeba jeneza. Cha pili ni cha magari. Hiki hakiziki, kinahangaika magari yasije yakafa siku ya ukaguzi. Mwenyekiti wake tangu mwanzo ni Ato Tilaye Wubishet, mwalimu mstaafu, ambaye sisi wadogo kwake humwita Gashe, kwa heshima na kwa woga kidogo.

Addis Ababa nzima inajua habari ya ukaguzi. Kila mwaka lazima gari lako lifike kituoni, litazamwe matairi, breki, taa na moshi, ndipo ubandikiwe stika kwenye kioo. Bila stika, trafiki wa kwanza atakusimamisha, na wa pili atakusimamisha kukuuliza wa kwanza alisemaje. Na magari yetu sisi ni Toyota za boksi, zilizoingia nchini wakati wengine wetu hatujaota ndevu. Kwingineko gari kama hilo lingeshauzwa kwa kilo, vyuma chakavu. Kwetu linapanda bei kila mwaka, na mwenye nalo hutembea kifua mbele kama mwenye shamba. Jipya hatuwezi kununua, la zamani hatutaki kuuza, na vipuri vyake ukiulizia bei unaomba kiti ukae.

Ndipo Gashe Tilaye akaja na wazo. Badala ya kila mtu kuhangaika peke yake, tuchange tununue seti moja ya mtaa mzima: matairi manne mapya pamoja na ringi zake, betri yenye nguvu, pedi za breki, eksozi isiyotoboka, taa za mbele, mtungi wa kuzimia moto na ile pembetatu nyekundu. Magari yetu ni ya aina moja, kwa hiyo kinachoingia kwa huyu kinaingia kwa yule. Zamu yako ikifika, tunakufungia seti asubuhi, unapita kwa heshima zote, ukirudi tunaifungua na kukurudishia mabovu yako. Kwa hiyo mkaguzi wetu, miaka yote hii, amekuwa akikagua gari lile lile kwa namba tofauti.

La kuchekesha ni kwamba Gashe, maisha yake yote ya kazi, alikuwa msimamizi wa mitihani. Ndiye aliyekuwa akipekua soksi za wanafunzi kutafuta vikaratasi. Mimi mwenyewe alinifundisha hesabu, na mpaka leo nikimwona naitoa mikono mifukoni. Lakini umwambie kwamba chama chetu kinaibia mtihani, anawaka.

"Kuibia ni kila mtu na siri yake," alinijibu siku moja. "Hii yetu ina mwenyekiti, ina sheria, ina mikutano. Umeona wapi wizi wenye mikutano?"

"Nimeona mwingi tu, Gashe."

"Nyamaza, Melaku. Hesabu ulipata ngapi?"

Sheria yenyewe ilikuwa moja, na aliitunga yeye: seti ni ya ukaguzi tu. Si ya safari, si ya harusi, si ya msiba. Matairi yakianza kutembea barabarani yatakwisha, na yakiisha chama kimekufa. Aliyaweka stoo kwake, akayafunika blanketi la sufi, na kila Jumamosi aliyapangusa vumbi. Ufunguo wa stoo aliuning'iniza shingoni pamoja na msalaba wake. Sisi wenye mali tulizunguka mjini kwa matairi vipara, huku matairi yetu mapya yamelala chini ya blanketi yakisubiri macho ya mkaguzi. Wala hatukuona ajabu yoyote.

Fekadu muuza nyama ndiye aliyewahi kuyaomba. Mama yake alizidiwa huko Debre Birhan, wakati wa mvua kubwa, na njia ya kule inateleza vibaya. Alikwenda kwa Gashe kofia mkononi.

"Kwenda na kurudi tu, Gashe. Nikishamleta hospitali nakurudishia."

"Mama yako ni mama yangu," Gashe alimwambia, na machozi yalimlenga kweli. "Lakini nikikupa wewe leo, kesho nitamnyima nani?"

Fekadu alipanda basi. Mama alipona, namshukuru Mungu, lakini kwa muda mrefu baada ya hapo Gashe alikuwa akifika buchani anakatiwa mifupa.

Sasa njoo kwenye gari la Gashe mwenyewe. Mlango wa mbele wa abiria haufunguki kwa ndani. Lazima mtu azunguke akufungulie kwa nje. Honi inalia yenyewe ukikata kushoto. Usukani unauzungusha kwanza, halafu unasubiri gari lifikirie. Kioo cha pembeni kiliibwa, kama vinavyoibwa vyote, akaenda Merkato kutafuta kingine, akakikuta kile kile chake kinauzwa, na namba ya gari imechorwa pale pale alipoichora mwenyewe ili kisiibwe. Akaanza kubishana bei. "Mzee, mshukuru Mungu," muuzaji akamwambia, "wenzako wananunua chenye namba ya mtu mwingine."

Na bado aliamini kwamba gari lake ni zima. Hapo ndipo aliponishinda. Sisi wengine tulijua tunachokifanya, tulicheka, tukaomba msamaha kanisani. Yeye hakuwahi kubandua stika hata moja. Zilijipanga kwenye kioo cha mbele mwaka baada ya mwaka mpaka akawa anaendesha akichungulia kwenye kipande kilichobaki. Ukimwambia breki zinalia, anakuonyesha stika. "Limekaguliwa hili," anasema. "Wewe ni nani?" Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Sijui ilianza lini, lakini yule aliyetupangia namna ya kufaulu alikuwa ameanza kujivunia matokeo.

Basi, Gashe ana mtoto mmoja, Meaza, muuguzi. Alipopata mchumba, kijana wa Adama aitwaye Robera, wazee wa upande wa pili walikuja kuposa wakiwa wamejiandaa kuulizwa ukoo wao hadi kwa mababu. Gashe hakuuliza ukoo.

"Nina sharti moja," alisema. "Najua desturi: bwana harusi anakuja na wapambe wake na magari ya kukodi, anamchukua mke wake. Lakini siku Meaza alipozaliwa nilimleta nyumbani kwa gari langu hili. Atatoka nyumbani kwangu kwa gari hili hili mpaka Adama, na dereva ni mimi. Bwana harusi akae naye nyuma."

Wazee wakatazamana, wakakubali. Gari walikuwa hawajaliona.

Sisi tuliokuwa tumeliona tuliingiwa na baridi. Adama si mbali, lakini watu siku hizi hupita barabara ya kulipia, pana, laini, na huko magari yanakimbia kweli. Matairi ya Gashe yalikuwa yamekwisha mpaka nyuzi zinaonekana. Likikupasukia mjini unasimama, unalaani, unabadilisha. Likikupasukia kule, kwenye mwendo ule, na bibi harusi yuko nyuma na shela lake, hakuna cha kubadilisha.

Fekadu ndiye aliyeleta hoja kwenye mkutano wa chama, sote tumezunguka kahawa ya Weyzero Zenebech, mke wa Gashe.

"Mwenyekiti, napendekeza siku ya harusi tukufungie matairi ya chama."

Kati ya wote, ni Fekadu aliyesema hivyo.

"Sheria inasemaje?" Gashe akauliza.

"Sheria uliitunga wewe, Gashe. Ukiipinda siku moja haitavunjika."

"Nilikunyima wewe kwa ajili ya mama yako. Leo nijipe mwenyewe kwa ajili ya binti yangu? Nitakutazamaje usoni?"

"Nitazame tu. Mimi nilishakusamehe zamani, labda kwenye nyama ndiyo bado."

Watu wakacheka. Gashe hakucheka. "Na tena gari langu halina haja hiyo," akasema. "Limepita ukaguzi juzi juzi tu. Mnataka kusema mkaguzi ni mwongo?"

Weyzero Zenebech alikuwa akimimina kahawa, hakuinua macho. "Mkaguzi hana kosa," akasema. "Aliona alichoonyeshwa."

"Zenebech!"

"Kunywa kahawa yako, inapoa."

Nilimkasirikia sana Gashe jioni ile, na nilimpenda pia, siwezi kuficha. Wapo waaminifu na wapo wezi. Gashe Tilaye alikuwa mwaminifu kabisa ndani ya wizi, na mtu wa namna hiyo huna pa kumshika.

Meaza alinifuata dukani kwangu, ninakouza rangi. Alizunguka kidogo kati ya makopo, akijifanya anachagua.

"Kaka Melaku, nikimwambia baba nakodi gari, ataugua."

"Na ukipanda lile?"

"Ndiyo nimekuja. Yafungeni yale matairi bila yeye kujua. Ufunguo mama atautoa."

"Akijua je?"

"Asijue. Niapie. Siku ile nataka aendeshe huku anaimba, kama alivyokuwa akinipeleka shule."

Nikaapa. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Asubuhi ya harusi Fekadu alilichukua gari kwenda kuliosha na kulipamba. Gashe alipoingia kuoga, msalaba na ufunguo vilibaki juu ya taulo, na Weyzero Zenebech akanitolea ufunguo chini ya shuka nyeupe aliyojitanda kama anayetoa sadaka. Nyuma ya bucha tukapiga jeki, tukafunga matairi ya chama. Fekadu alizikaza nati mwenyewe. "Mama yangu alipandishwa basi," alinung'unika akikaza. "Anaumwa, na mvua ile, kwenye basi." Kisha akazunguka gari zima akazikaza tena. Yale vipara ya Gashe tukayarudisha stoo, tukayafunika blanketi kwa adabu zote, na ufunguo ukarudi mahali pake Gashe akiwa bado bafuni, maana siku ile alioga kama yeye ndiye bwana harusi.

Gashe alitoka na suti yake ya kijivu, akaliona gari lake limejaa maua na utepe, na binti yake amesimama kando yake. Machozi yakamtoka. Alilizunguka gari lote na hakuona kitu isipokuwa maua.

Tuliwafuata kwa msururu, mtaa mzima, kila mtu na Toyota yake. Kila gari la Gashe lilipokata kushoto honi ililia, na wanawake waliitikia kwa vigelegele, Robera akidhani ndivyo tunavyofanya sisi. Mpaka tukafika kwenye lango la barabara ya kulipia. Siku ile palikuwa na askari anayekagua matairi kabla hujapewa kadi. Gari la Gashe lilikuwa mbele. Askari akainama, akalitazama tairi la kwanza, akaligonga kwa kirungu, akatazama la pili, kisha akasimama wima na kumpigia Gashe saluti. Gari la wapambe, la kukodi, likapita nalo. Halafu ikawa zamu yetu.

"Wewe, rudi," askari akamwambia Fekadu. Akaja kwangu. "Na wewe rudi. Na huyo nyuma yako. Nyinyi mnakwenda harusini au makaburini?"

Aliturudisha wote. Nilimwona Gashe akitutazama kwenye kile kioo chake cha Merkato. Akatoa mkono dirishani, akatutikisia kidole kama tulivyozoea darasani, kisha akaondoka kwa mwendo wa kifalme. Sisi tukashika njia ya zamani, Dukem, Bishoftu, Mojo, nyuma ya malori, tukimeza moshi.

Tulifika Adama watu wameshakula. Gashe alikuwa amesimama mbele ya wageni, bilauri ya pombe ya asali mkononi, na alipotuona tunaingia uso ulimng'aa.

"Ndugu zangu wa Adama, watazameni majirani zangu! Wamechelewa harusi. Kwa nini? Askari amewakuta na matairi vipara. Miaka yote nawaambia, tunzeni magari, tunzeni magari, hawasikii. Langu ni kubwa kwa umri kuliko bibi harusi, na askari amelipigia saluti. Mkwe wangu ni shahidi!"

Ukumbi ukapiga makofi. Fekadu alikuwa akitafuna polepole, mshipa wa shingo umemtoka.

"Nikisema," alininong'oneza. "Melaku, nikisema neno moja tu."

Nikatazama mbele. Meaza alikuwa ametukazia macho, kiganja kifuani. Fekadu naye akamwona. Akameza alichokuwa nacho mdomoni, akasimama, akainua bilauri yake. "Mwenyekiti wetu!" akapaza sauti. "Tungemsikiliza tusingechelewa!" Tukanywa.

Zamu ya ukaguzi iliyofuata ilikuwa yangu. Tulikuwa tumepanga kumbadilishia matairi kimya kimya tukirudi, lakini Gashe tangu harusi alikuwa haachani na gari: mara sokoni, mara kanisani, mara kuzunguka tu, hata Jumamosi zake za kupangusa vumbi stoo akazisahau. Nilikwenda kwake. Alifungua stoo huku ananihubiria habari ya kutunza breki, akavuta blanketi.

Alipiga goti, akapapasa tairi la juu kwa kiganja. Lilikuwa na kiraka pembeni, alichokibandika yeye mwenyewe.

"Haya ni yangu," akasema.

Nikatazama mlango.

"Melaku. Haya ni yangu. Ya chama yako wapi?"

"Kwenye gari lako, Gashe."

"Tangu lini?"

"Tangu harusi."

Akakaa juu ya tairi. Nilimwona akirudi nyuma kichwani, taratibu, siku kwa siku, mpaka kwa yule askari.

"Nani alitoa ufunguo?"

"Mimi," Weyzero Zenebech akajibu kutoka jikoni. "Na ningeutoa tena."

"Na nani aliomba?"

Hapo nilikuwa na kiapo changu. Lakini mbele ya mwalimu yule sijawahi kufaulu kudanganya, hata nilipokuwa na vikaratasi. "Meaza," nikasema. "Alitaka uendeshe ukiimba."

"Niliimba," akasema. "Njia nzima."

Hakulia. Afadhali angelia. Alichukua jeki akatoka nje, akayafungua matairi ya chama kutoka kwenye gari lake, akayafunga kwenye langu, akanikataza kusaidia. Kisha akalirudishia gari lake yale yake. Nikaenda kituoni, na mkaguzi akanisifu. Alisema laiti watu wote wangetunza magari kama watu wa Gofa.

Baada ya hapo Gashe hakusema tena habari ya gari lake. Lilikaa uani, maua ya harusi yakikauka kwenye boneti.

Kisha Meaza akaja kusalimia wazazi, peke yake, Robera akiwa kazini. Nilikuwepo, nimekuja kumwona. Tulikunywa kahawa, tukacheka, na jua lilipoanza kushuka akasimama akachukua mkoba wake.

"Baba, utanirudisha?" akauliza.

Hakuwa amejua kwamba baba yake anajua. Lakini alijua vizuri matairi gani yako kwenye gari. Mimi mwenyewe nilishamwambia tumeyarudisha. Na bado alitoka, akaingia kwenye gari, akakaa kiti cha mbele, akafunga mkanda, akamtazama baba yake kupitia kioo chenye stika zote zile. Alikuwa anatabasamu. Pale nilitaka kupiga kelele.

Gashe alisimama uani na funguo mkononi. Kisha akazunguka upande wa abiria, akamfungulia mlango kwa nje.

"Shuka, mwanangu."

"Kwani vipi, baba? Twende, giza litatukuta."

"Gari hili ni bovu."

Meaza akamtazama, akanitazama mimi, nami nikatazama viatu vyangu.

"Si limepita ukaguzi?" akasema polepole, akijaribu kumwokoa.

"Najua lilivyopita. Shuka."

Akashuka. Tulikwenda kwa miguu mpaka kituo cha mabasi, Gashe amemshika binti yake mkono, mimi nyuma nimebeba mikate ya injera aliyopewa na mama yake. Basi la Adama lilikuwa limekaribia kujaa, konda anaita abiria wa mwisho. Meaza akaweka mguu kwenye ngazi, lakini baba yake akamvuta nyuma. Kisha Gashe, na suti yake ile ya kijivu, akapiga magoti kwenye vumbi kando ya gurudumu la mbele, akaingiza vidole kwenye mifereji ya tairi kupima kina chake.

"Mzee, unatuchelewesha," konda akalalamika. "Basi hili ni zima, limekaguliwa. Stika si ile pale kwenye kioo?"

"Stika nimeiona, mwanangu," Gashe akamjibu, akitambaa kuelekea gurudumu la nyuma. "Sasa sogea nione tairi."